Mkimbiaji wa Ukuta wa Walukuba

Adero alikuwa mchoraji wa mabango mjini Jinja, kazi aliyofundishwa na baba yake, Mjaluo aliyevuka kutoka Kenya. Herufi zake zilisifiwa. Watu aliowachora, hapana. Mwaka 1974 klabu ya riadha ya mtaa wa Walukuba ilimwomba achore mkimbiaji kwenye ukuta wa ukumbi. Mwenyekiti, Mzee Semei, alitazama mchoro wa kwanza akacheka.

"Binti yangu, huyu anangoja basi."

Basi Adero akaenda Mbale kwa Mafabi, mpiga picha aliyezunguka na kamera yake msimu wote wa imbalu, vijana wa Kigisu wanapocheza barabarani kabla ya kutahiriwa. Mafabi akamwaga picha mezani.

Adero aliziinamia moja moja. Hakukuwa na mwili hata mmoja uliosimama wima. Kiuno kikienda huku, mabega yalijibu kule. Vumbi lilining'inia chini ya nyayo.

"Usifuate ukingo wa mwili," Mafabi alimwambia. "Tafuta kwanza njia ya nguvu, toka kisigino hadi utosini. Chora huo mstari mmoja. Nyama itafuata."

Akamwazima picha tatu.

Karibu na Iganga wanajeshi walisimamisha basi. Askari mmoja mrefu akapekua mkoba wa Adero, akazitoa zile picha.

"Hii watu nakimbia nani?"

Abiria waliinamisha vichwa. Siku zile za utawala wa kijeshi watu walichukuliwa kwa maswali madogo kuliko hilo, na hawakurudi.

"Wanacheza, afande. Mimi ni mchoraji. Natafuta jinsi ya kumchora mtu akikimbia."

Askari alizitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akamkabidhi mwenzake bunduki.

"Geresom, unafanya nini?" mwenzake alishangaa.

"Mimi zamani nakimbia. Shule yote nashinda." Akamgeukia Adero. "Wewe, chora."

Akakimbia, na buti zake, kando ya barabara ya vumbi. Adero alisahau hofu, akatoa karatasi na kipande cha makaa ya kuchorea. Mkono wa kushoto uliruka pamoja na goti la kulia, mwili mzima ukalala mbele kama unaoanguka, na kila hatua ukaokolewa. Makaa yake yalipita karatasini mara moja tu, kisigino hadi utosini, kisha nyama ikafuata.

Geresom alirudi akihema. Akaushika mchoro kwa vidole viwili.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, afande."

Akaukunja, akautia mfukoni mwa shati, akamrudishia picha zake. "Nenda."

Aliporudi Walukuba, Adero alibandika zile picha ukutani na kuanza na mstari mmoja. Siku mkimbiaji alipopata uso, Mama Santa, muuza karanga, alikata kona ya ukumbi na kapu kichwani. Akashtuka, akaruka pembeni kumpisha yule wa ukutani.

"Pita, mwanangu, pita!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Semei alivua kofia. Adero, juu ya ngazi, alibaki ameshika brashi, rangi ikimtiririka mkononi.