Gari Linalogoma Nyumbani Tu

Yaani gari letu lina tabia za mtoto anayelia akimwona mama yake tu. Kwa fundi linawaka. Hospitali linawaka. Lizime hata katikati ya foleni, linawaka kabla hujamaliza kuzungusha ufunguo. Lakini nyumbani, pale chini ya jengo letu, unazungusha ufunguo unasikia tk, tk, tk. Basi. Kimya.

Na hiyo tk inakuja siku ya kliniki, siku ambayo hatuihitaji kabisa! Mama alipata kiharusi mwaka jana, mguu wa kushoto ukakataa kazi, na kila Jumatatu na Alhamisi saa tisa alasiri anatakiwa kwenye mazoezi ya viungo. Tumeshakosa mara mbili. Teksi tulizoita ziliona kiti cha magurudumu zikakumbuka zina haraka. Mama anayemfanyisha mazoezi hospitalini akampigia dada yangu, akamwambia bila kupindisha, "Mkikosa ya tatu, nafasi nampa mwingine. Watu wanangoja, mpenzi."

Sasa Jumatatu ile, saa sita mchana, dada ametoka kazini mapema kwa kubembeleza, anajaribu gari kabla hatujamshusha mama. Tk, tk, tk.

"Ni wewe," akaniambia.

Hata hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Dada anapiga pasi mashuka ya hoteli tangu alfajiri. Akirudi anaongea kama mtu aliyefungiwa kabatini.

"Unakaa humu unachaji hiyo simu, unasikiliza muziki, unaimaliza betri."

"Mara moja tu! Na ilikuwa zamani!"

"Wiki tatu sasa, we mtoto. Wiki tatu. Mwite fundi."

Fundi wetu tunamwita Haraka, kwa sababu hiyo haraka yenyewe hana. Alishalilaza gari letu gereji mara mbili, akachaji betri, akapima kila kitu, asubuhi likawaka kama jipya. "Gari zima hili," akasema mara zote mbili, akatuangalia kama wagonjwa ni sisi.

Nilipompigia safari hii akauliza kwanza linagoma wapi. Kisha akasema, "Kama linagoma nyumbani, nitalifuata nyumbani. Msiguse kitu. Msifungue tena hata mlango. Nataka kulikuta lilivyolala."

Akafika saa saba na nusu! Mimi nimeshaangalia saa kwenye simu mara mia. Huko juu, ghorofa ya tatu, mama kakaa dirishani, kichwa nje.

"Limekufa?" akauliza kwa sauti.

"Bado, mama!"

"Basi lizikeni tupumzike wote!"

Mama na yale mazoezi hawaelewani. Hasa ya kupanda ngazi. Anasema yule mama wa mazoezi anamfundisha kupanda mlima na yeye hana safari.

Haraka akafungua boneti, akafungua waya mweusi wa betri, na pale katikati, kati ya waya na betri, akaunganisha kibalbu kidogo kama cha tochi. Kikawaka. Hafifu, lakini kikawaka.

"Unaona hicho?" akaniambia. "Gari limezimwa, milango imefungwa, na bado kuna kitu kinakunywa betri. Kinakunywa usiku na mchana. Sasa tumtafute mlevi."

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja moja. Ya honi: kibalbu kinawaka. Akairudisha. Ya redio (mimi roho juu!): kinawaka. Nikamwangalia dada. Dada akaangalia pembeni.

"Saa nane kasoro kumi," nikasema.

"Saa haichomoi fyuzi, binti."

Ya kumi na moja sijui, akachomoa, kibalbu kikazima. Pu!

"Taa za ndani," akasema, akachungulia kioo. "Ya dari ilikuwa imezima tangu nafika, niliiona. Kuna taa nyingine wapi?"

"Hakuna," dada akasema.

"Kwenye buti," nikasema. "Si ukifungua inawaka?"

Haraka akakuna kidevu. Ndio hivyo, ukifungua inawaka. Ukifunga inatakiwa izime. Lakini ukishafunga, nani yuko mle ndani akuambie kama imezima?

"Simu!" Nikaruka kabisa. "Simu yangu!"

Fundi akarudisha fyuzi na waya wa betri. Nikafungua buti, nikawasha video, nikaiegemeza simu pembeni ya kiti cha mama kilichokunjwa. "Lifunge kama unavyolifunga siku zote," fundi akamwambia dada. Dada akalisukuma kwa kiuno, maana amezoea mikono ina kazi nyingine. Ka. Mlio mmoja. Tukangoja dakika nzima, ndefu kuliko wiki.

Tukaitazama watu watatu, vichwa vimegusana. Kwenye video mfuniko unashuka, unashuka, ka, na tunangoja giza. Giza haliji. Taa inawaka vilevile, na chini yake kiti cha mama kimekaa kwenye mwanga kama bidhaa kwenye dirisha la duka. Mpini wake mmoja umesimama juu, umeuzuia mfuniko kushuka mpaka mwisho. Kwa nje huoni kitu.

"Kiti hiki hulala humu?" Haraka akauliza.

Dada akaitikia kwa kichwa.

"Kwangu gari lilikuja bila kiti."

"Nilikuwa nakitoa likija kwako, mama asikose kiti akitaka kutoka." Dada akakaa kwenye ukingo wa barabara, na sare yake ya kazi, vumbi na yote. "Ghorofa tatu, fundi. Mkono huu mama, mkono huu kiti. Ndani mwenyewe hakitaki, anashika kuta. Mwezi uliopita nikasema basi, kilale humo humo." Akaniangalia. "Na wewe wiki tatu nakugombeza."

Jamani, nilikuwa na hotuba! Nimeitunga wiki tatu, nimeifanyia mazoezi bafuni. Haikutoka. Kwa sababu kile kiti nilikuwa nakisikia. Mimi kwenye kochi, simu mkononi, nasikia kinavyogonga ngazi, go, go, go, mpaka mlangoni. Halafu kikaacha kugonga, na sikuwahi hata kuuliza.

"Nipe," nikasema. "Kuanzia leo kiti changu."

"Utakiangusha."

"Nitakiangusha, kisha nitakiokota."

Haraka akaleta gari lake pua kwa pua na letu, akaunganisha waya, likanguruma mara ya kwanza tu kuzungusha ufunguo. "Mkifika msilizime," akasema. "Saa nzima. Betri inywe na yenyewe sasa."

Tukamshusha mama, mimi bega hili, dada bega lile. Tukaingia hospitali saa tisa kasoro dakika mbili. Nikashusha kiti mwenyewe, nikabana kidole, nikanyamaza. Dada akabaki kwenye usukani; si gari haliruhusiwi kuzimwa? Akashusha vioo vyote. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana hana la kufanya ila kukaa.

Hatujafika hata mlangoni mama akaniambia nisimame. Akageuka. Dada ameshalala, mdomo wazi, kichwa kwenye mkanda, injini inamnong'onea.

"Mazoezi huwa muda gani?" mama akauliza.

"Nusu saa."

"Mwambie yule mama leo nataka na yale ya ngazi, ijae saa nzima."

"Mama! Si unayachukia?"

"Nayachukia sana," akasema. "Sukuma. Polepole."