Mkataba Uliogeuka Kola

Mwenye nyumba wetu tunamwita Bwana Kesho. Miaka sita sasa tangu tuhamie, na bati linalovuja bado atalitengeneza kesho. Asubuhi ile aliingia chumba cha mbele, penye cherehani zangu mbili na meza ya kukatia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akitamka neno "leo".

"Fundi, kuanzia leo nakupa wiki moja. Mpwa wangu anafungua duka la simu hapa."

"Mzee, mkataba unasema notisi ni miezi mitatu."

"Nioneshe huo mkataba. Wangu ulilowa mvua, ukaoza."

Nilitaka kumuuliza mvua iliingilia wapi, lakini woga ulikuwa umenishika. Wateja wangu wote wanakijua chumba hiki. Nikitolewa kwa wiki moja, nani atahangaika kunitafuta? Na nyuma ya pazia ndiko tunakolala mimi, mke wangu na binti zetu wawili.

Tukautafuta. Tulipekua sanduku, tukainua godoro, tukamwaga kabati zima sakafuni. Mke wangu, ambaye akikasirika hupunguza sauti, akaniuliza mara ya mwisho niliushika lini. Nikamfokea kwamba mambo ya karatasi ni yake. Ningekuwa na akili, kule kufoka kwenyewe kungenishtua kwamba kosa ni langu.

Mwisho akafika ukutani, kwenye msumari ninapotundika karatasi ninazofuatisha ninapokata nguo. Akashusha karatasi ya kola ya shati la shule, akaigeuza.

"'Mpangaji atakuwa na haki ya...'" akasoma, akaishia hapo. "Baba watoto, haki yetu imekatikia shingoni."

Nikakumbuka. Ulikuwa msimu wa kufungua shule, sare zimerundikana mpaka dirishani, karatasi za manila za kukatia zimeniishia. Nikaona karatasi nene, imenyooka, inakubali chaki. Ni fundi gani angeiacha? Nilikata bila kusoma hata mstari. Tukapata kola, mfuko wenye sahihi yangu na ya Bwana Kesho, na kipande cha mkono. Kifungu cha notisi kilishafagiliwa zamani pamoja na vitambaa.

"Twende baraza la nyumba," mke wangu akasema. "Na wewe usiongee mpaka nikuambie."

Ofisa wa baraza alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Alipanga vipande vyetu mezani, akacheka mpaka akavua miwani. Bwana Kesho, aliyekuwa ameitwa, akapata nguvu.

"Mheshimiwa, hilo ni shati, si mkataba. Huyu mtu mimi simtambui."

"Kodi yake ya mwezi uliopita ulipokea?"

"Nilipokea."

"Ya mtu usiyemtambua?"

Akakohoa. Mke wangu akauliza kwa upole, "Na bati letu je, Mzee?"

"Si nimeshawaambia kesho!"

Hata yeye alisikia alichokisema. Ofisa akavaa miwani yake.

"Basi ni mpangaji wako. Karatasi imepotea, mtu hajapotea. Umepokea kodi yake miaka sita, umemuahidi matengenezo, na sahihi yako hii hapa kwenye mfuko. Mambo ya wiki moja hakuna. Siku ukikitaka chumba, utaandika notisi ya miezi mitatu kama sheria inavyotaka kwa kila mwenye nyumba. Na leo hii mnaandika mkataba mpya, nakala moja ibaki kwangu."

Machozi yalinitoka, nikajifanya napangusa jasho. Tunabaki! Nikaanza kupanga kichwani sare za nani nimalize kwanza.

Ofisa akachukua kalamu. "Jina la mpangaji?"

Nikafungua mdomo. Mke wangu akataja jina lake mwenyewe, kwa sauti ileile ndogo, herufi moja moja ili lisikosewe.

Ofisa akanitazama. "Na huyu?"

"Huyu anaishi kwangu."

Bwana Kesho, baada ya yote yaliyompata siku ile, alicheka yeye wa kwanza. Mimi nilitia sahihi kama shahidi.

Njiani nilimuuliza mke wangu kama na mimi nina miezi mitatu yangu ya notisi. Aliukaza mkoba kwapani, mkataba ukiwa ndani yake.

"Wewe," akasema, "tutaangalia tabia."