Bidoni Thelathini na Moja za Umeme

Jumanne, saa tatu asubuhi, Nadège aliegemeza ngazi yake ukutani katika nyumba ya kupangisha ya Patron Syauswa, pale Kimemi, akaanza kung'oa nyaya kuukuu. Nyumba ilikuwa inafanywa upya. Bati lilishapakwa rangi, madirisha yalishatiwa vyuma. Ulibaki umeme tu. Mpangaji wa chumba cha mbele, Mama Séphora, mjane anayeshona sare za shule, alikataa kuhama wakati wa kazi. Alisogeza tu cherehani mbali na vumbi la saruji.

Alikuwa na taa moja, cherehani na pasi. Hata hivyo, kila wiki umeme alionunua Jumatatu ulikwisha Jumatano. Patron alimwambia kila mara kwamba pasi yake ina tamaa.

Nadège alichomoa pasi na cherehani, akazima taa. Mita ikaendelea kupepesa, mbio mbio, kana kwamba umeme bado unatumika. Akagonga ukuta, akasikiliza, akachukua tindo. Ndani ya tofali alikuta waya mnene usiokuwa na kazi pale. Aliufuata kwa jicho hadi nyuma ya ua, kwenye nyumba ya Syauswa mwenyewe, kwenye friza yake ya samaki.

Akaukata.

Umeme ukaanza kumwagika kwenye ncha ya waya, mzito kidogo, wa rangi ya mawese mapya. Ulinukia kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Kwa miaka kumi na miwili ya ufundi, Nadège alijua kwamba umeme haumsahau aliyeununua.

"Mama, lete bassin," alisema. "Na bidons, kama ziko."

Majirani walileta madumu yao ya maji. Kufikia saa sita bidoni thelathini na moja zilikuwa zimejaa, zikivuma taratibu kama mizinga ya nyuki. Ndipo Syauswa alipotokea na kandambili miguuni. Samaki wake walikuwa wanayeyuka.

"Nadège, nilikuita kutengeneza nyumba, hapana kuchimba mur." Alinyoosha kidole kwenye tundu la ukuta.

"Mur yenyewe ndiyo ilikuwa na ugonjwa, patron."

"Hii courant imetoka kwa mur yangu. Donc iko yangu."

Mama Séphora alitoka chumbani, utepe wa kupimia shingoni. "Beba basi, patron. Kama iko yako, itakubali."

Syauswa alishika bidoni moja kwa mikono miwili. Haikutikisika. Mama Séphora akainyanyua kwa vidole viwili, akaiingiza ndani, akarudi kuchukua nyingine. Majirani walimpisha njia.

Aliitwa chef de quartier, mkuu wa mtaa. Alizitazama bidoni, akakalia kiti, akaandika kwamba umeme ni wa mama, lakini ukuta ni wa patron. Na kwa kuwa mama anaweka bidoni katika chumba cha kupanga, alipe ushuru wa ghala. Akapiga muhuri, akaenda kula.

Syauswa alimvuta Nadège pembeni. "Rudisha waya, funga mur. Nitakulipa yote leo leo."

Nadège aliihitaji pesa ile. Binti yake, Providence, alikuwa amefukuzwa shuleni tangu Ijumaa kwa ajili ya karo.

"Hapana, patron. Miye sifungi mulango ya mwizi."

Alikusanya koleo zake, akakunja ngazi. Tundu akaliacha wazi.

Mama Séphora alimkuta kwenye lango. "Chukua bidons mbili, mwanangu. Nimekupa na roho yote." Nadège akazibeba, moja kila mkono, zikawa nyepesi kama vikapu vitupu. Nusu ya moja aliiuza kwa muuza maziwa siku hiyo hiyo, na Providence akarudi darasani.

Jumatano alikuja fundi mwingine, kutoka Beni. Aliunganisha waya, akaziba tundu, akapaka rangi. Friza ikaanza kunguruma tena. Mwisho wa mwezi Syauswa alileta barua: kodi ya chumba imeongezwa mara mbili, kwa sababu ya umeme mpya, asiyeweza atoke.

Mama Séphora aliisoma mara mbili. Akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika nyuma yake neno moja, *Sitoki*, akaenda kuibandika kwenye mlango wa patron mwenyewe, mbele ya wageni wake.

Kisha akarudi, akamiminia cherehani kikombe cha umeme. Ukutani mita ilikuwa inapepesa, mbio mbio. Zilibaki sare mia moja na sitini, na shule zilikuwa zinazisubiri.