Filigisi ya Kuku wa Bamwana

Kule Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi, wanasema mimi Annuarite nilikula kuku wa bamwana wangu, mama mkwe wa binti yangu. Uongo mtupu! Sikumla. Nilionja mchuzi wake kijiko kimoja tu, kuona kama chumvi imekolea, na hicho kijiko kimoja kimenitoa jasho mpaka leo. Sasa kaeni niwaambie mwenyewe, maana hao wanaosimulia pale bombani hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Binti yangu Dévote alijifungua mtoto wa kike hospitali ya Lilongwe, akatoka damu nyingi sana. Siku ya kumruhusu, muuguzi aliniita pembeni, akaniambia nisimrudishe Dzaleka kwanza. Akae kwangu Area 25, kwenye chumba nilichopanga na cherehani yangu, halafu baada ya wiki mbili arudi kupimwa. "Damu yake iko chini," alisema. "Apate nyama, maharagwe, mboga za majani. Asipopata nguvu tutamlaza tena." Na maziwa yalikuwa yanatoka kwa shida. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Nikimtazama Dévote midomo ilivyopauka, moyo ulikuwa unanikatika.

Kwa familia zetu, kuku wa mzazi anatoka upande wa mume. Tulikubaliana hivyo siku ya mahari, na pia tulikubaliana kwamba filigisi anakula yule aliyemtoa kuku, ajue kuku wake alifika sufuriani mzima na hakupotelea njiani. Kwa hiyo nilikuwa namngoja kuku wa bamwana wangu Epiphanie, mama yake na mkwe wangu Melchior, mume wa Dévote. Epiphanie ni Mrundi wa Rumonge, mjane, mtu wa maneno machache. Alikaa Dzaleka, na alisema Jumapili atakuja kumwona mjukuu na kula filigisi yake.

Jumamosi asubuhi Melchior akafika na kuku kwapani. Mawe! Nilimgeuza yule kuku huku na huku. Miguu imejaa magamba, kucha zimepinda, kishungi kimelalia jicho, mgongoni manyoya yamekwisha. Nikimshika kifuani, mfupa unanichoma.

"Melchior," nikamwambia, "hii ni kuku ao ni marehemu?"

"Mama amesema ipikwe polepole," akajibu, macho chini. "Amesema makaa usiyahurumie."

Makaa! Eti makaa nisiyahurumie! Yeye kule Dzaleka anaokota kuni zake porini, mimi hapa mjini kila kipande cha makaa nakitolea jasho la cherehani. Binti yangu amekaribia kufa akimzalia mjukuu, halafu ananiletea bibi kizee wa kuku, kuku aliyechoka kuishi! Nilisema yote hayo, na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Melchior alimchungulia mke wake usingizini, akamshika mtoto kidogo, akakimbilia kibarua chake cha kubeba magunia kule Kawale. Alinikimbia mimi, si kwamba alichelewa.

Dévote alikuwa bado amelala. Nikamfunga yule kuku miguu, nikashika njia ya sokoni.

Sokoni kulikuwa na Patient, kijana wa Uvira kule kwetu Kongo, anauza kuku weupe, wale wanono wa kufugwa ndani. Nilimwendea kwa sababu ni mtu wa kwetu, na ulimi wangu ulikuwa bado umewaka. Nikamtupia kuku mezani. "Ona vile bakwe zangu wananizarau! Mwanangu amezaa, wananitumia hii takataka."

Patient akamgeuza, akamshika paja, akamnyanyua kupima uzito. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyefika msibani. "Aka, mama. Hii imekwisha. Imezaa mayai mpaka vitamini yote imetokea kwa mayai. Nyama imebaki kamba tu. Muzazi anaomba kuku kijana, njo iko na damu."

"Si njo nilisema!"

"Nipe hii, nikupe nyeupe moja. Naichukua juu ya kukuhurumia tu, mama."

Hapo ndipo nilipaswa kujiuliza. Mfanyabiashara gani duniani anabadilisha kuku mnono kwa marehemu juu ya huruma? Lakini mimi nilikuwa nimeshiba hasira, na mtu aliyeshiba hasira haulizi bei. Nikabeba kuku wangu mweupe kifua mbele, nikifikiria maneno nitakayomwambia Epiphanie akikanyaga mlango wangu.

Nikampika. Nusu saa haikufika, nyama ikaanza kuachana na mifupa. Nikafurahi, nikasema ona makaa nilivyookoa! Nikampa Dévote bakuli. Akanywa mara mbili, akaniangalia.

"Mama, hii ni mchuzi ao ni maji ya moto?"

"Kunywa, ni kuku kijana. Iko na damu."

"Kuku kijana ya wapi? Mi nilisikia sauti ya Melchior kwa usingizi. Alileta ile ya mama yake, ya kishungi inalala kwa jicho?"

Nikamuuliza yeye ameijuaje. Loo, bora nisingeuliza. Ndipo aliponieleza. Epiphanie alipofika Dzaleka mwaka wa tisini na nne hakuwa na kitu isipokuwa kikwembe chake cha ndoa, kitenge alichoolewa nacho. Wiki ya kwanza akakitoa, akapata kifaranga. Kile kifaranga ndicho huyo huyo kuku. Na yale mayai ambayo Dévote alikuwa akiniambia anakula mimba nzima, mpaka mimi najisifu kwa majirani kwamba binti yangu amepata ukoo mzuri, yalikuwa mayai ya nani? Ya marehemu wangu! Watu wa kule walitaka kumnunua mara ngapi, Epiphanie akakataa.

"Amekubali kuikata juu yangu?" Dévote akauliza, na machozi yakaanza kumtoka. "Iko wapi, mama?"

Nilimdanganya. Nilisema nimeificha, nitaipika kesho. Mungu anisamehe.

Jumapili asubuhi nilikuwa sokoni kabla ya kengele ya misa. Meza ya Patient tupu. Mama mmoja wa nyanya akanionyesha nyumba yake, nyuma ya kinu cha mahindi. Sikubisha hodi, harufu ilinipokea tangu barabarani. Mniambie nyinyi mliowahi kupikiwa na mama zenu: kuna harufu ya kuku ambayo inakufanya umeze mate hata kama una msiba. Njo hiyo. Na pale uani, juu ya mbaula, jiko la makaa, sufuria inachemka taratibu. Manyoya ya yule kuku wa Epiphanie nikayaona pembeni. Patient amekaa kwenye kigoda, mdomo unang'aa mafuta, mfupa wa paja mkononi.

"Wewe!" Nilipiga kelele, jirani akatoa kichwa dirishani. "Wewe shetani wewe! Kamba tu, eh? Imekwisha, eh? Na hizo nyeupe zako kumi kwenye kibanda, kwa nini hukukata moja?"

Mke wake Fidès akashika mdomo. "Patient, uliniambia umeinunua."

Mwanaume akafuta mdomo. Aliuweka mfupa chini. "Mama, kaa kwanza."

"Sikai! Jibu!"

"Mi sikulagi zile," akasema kwa sauti ndogo. "Nyeupe iko na wiki saba. Haijatembea, haijachakura. Nyama iko, chakula iko, sisemi haina kitu. Lakini iko laini na maji mingi, mchuzi hautoki. Hii mzee imekimbia miaka. Angalia paja yake, nyekundu. Mafuta iko, mifupa inatoa utamu, lakini unaipika tangu alfajiri. Batu wa mjini hawana makaa, njo wanapenda nyeupe."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Mama, we ulikuja ukiitukana mwenyewe. Mi niliongeza tu."

Nilitaka kumpiga kofi. Kweli nilinyanyua mkono. Lakini mkono ulibaki juu, kwa sababu yule mwizi alikuwa amesema kweli, na hakuna kitu kinachochukiza kama kweli ikitoka mdomoni mwa mwizi.

Fidès hakungoja tubishane. Alifunika sufuria, akaifunga kwa kikwembe chake mwenyewe, akaniwekea kichwani. "Enda, mama. Sufuria utanirudishia. Huyu atakula ugali wa nsima na chumvi." Zikomo, asante ya huku Malawi, nilimwambia, na nilimaanisha.

Nilipofika nyumbani Epiphanie alikuwa ameshakaa kitandani, mtoto mikononi. Alinisalimia kwa heshima yake ile ile. "Amahoro, bamwana. Naona umetoka kupikia kwa jirani."

"Ndiyo," nikasema. Niliweka sufuria kwenye mbaula, nikaonja kile kijiko kimoja, nikamjazia Dévote bakuli. Mchuzi ulikuwa wa njano, mafuta yanaelea juu. Alikunywa bila kupumzika. Akala nyama, akatafuna, akatokwa jasho usoni, akaomba tena. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, aliomba tena chakula. Mimi nikajisemea, basi, yamekwisha, hakuna wa kujua.

Epiphanie akampa Dévote mtoto, akanawa mikono, akakaa sawasawa. Alikuwa anangoja filigisi yake.

Nikazungusha mwiko. Nikazungusha tena. Mwiko unagonga chini, unagonga pembeni. Yeye akasogea, akaangalia ndani ya sufuria pamoja nami, bila haraka.

"Paja moja," akasema. "Na filigisi haiko."

Nikamwambia yote. Marehemu, takataka, sokoni, Patient, mfupa mkononi. Nilisema nikiangalia ukuta. "Nilifikiri umetuzarau," nikamaliza. "Nilifikiri umetutupia ile imekushinda."

Nilitaka aning'akie. Mtu akining'akia najua kumjibu, tangu utoto najua. Hakuning'akia.

"Niko na kuku tatu kule Dzaleka," akasema. "Mbili ni kijana, nyama yao laini. Nilikutumia ile nilikuwa napenda."

Halafu akachukua kijiko, akatoa lile paja lililobaki, akalichambua kwa vidole vipande vidogo vidogo, akaweka kwenye bakuli la binti yangu. "Kula, mwanangu," akamwambia. "Hii nyekundu njo itakurudishia damu."

Mimi nikasukuma sufuria pembeni, nikamwaga makaa kwenye mbaula bila kuyahurumia, mengi, karibu nusu gunia, ingawa kuku alikuwa ameshaiva.