Duara Lililonyamaza

Kokushubira, muuguzi wa Mugumu, alinunua riwaya ile sokoni kwa sababu moja tu: mambo yake yalitokea Nyangoto, alikokuwa akienda likizo kwa rafiki yake Dorka. Mizimu hakuiamini. Hata hivyo alisoma kurasa mia mbili njiani. Kitabuni, mchimbaji alifukiwa ndani ya duara, shimo la dhahabu, na kila walipomwita, shimo liliitika kwa sauti ya mtu huyo.

Alishuka njia panda, kabla ya stendi, akatembea hadi kwa Dorka. Walikunywa chai, kisha wakaenda machimboni kumwona Magige, mume wa Dorka.

Mdomoni mwa duara alisimama mzee Nyamhanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subirini kidogo, naita watu wangu."

Udongo ulikuwa laini baada ya mvua, hivyo kila saa aliwaita walio chini mmoja mmoja. Asiyeitika hutafutwa. Siku hiyo majina ya kuita yalikuwa saba. Sita waliitika.

"Magige!"

Kimya. Aliita tena, na tena. Kutoka chini mtu alisema walidhani yuko upande wa pili. Walipokwenda kutazama, hakuwepo, na upande ule kifusi kilikuwa kimeporomoka.

Dorka alikaa chini kama gunia. Kokushubira alimshika mkono, akauliza Magige alionekana lini mara ya mwisho. Huku akiuliza, masikio yake yalisubiri shimo liitike. Alijionea aibu, lakini yalisubiri.

"Magige!" Mzee aliita mara ya nne.

"Naam, mzee."

Sauti ilitoka nyuma yao. Magige alikuwa kwenye njia, tope hadi magotini.

"Nilitoka kumpokea mgeni stendi," alisema. "Wewe, mzee, ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nikaona nitarudi kabla hujaita."

Nyamhanga alikaa juu ya winchi, mashine ya kuvutia mawe kutoka chini. "Umeniua, halafu unaniambia naam."

"Siku nyingine ukitaka kufa, aga kwanza," Dorka alisema, akimfuta tope kwa khanga yake.

Magige alimgeukia mgeni. "Karibu, Sista. Nimekusubiri stendi mpaka miguu imeuma."

Jioni, wenzake wakiwa bado wanacheka, Kokushubira alimaliza kitabu. Mwandishi alikuwa amekosea jambo moja. Shimo lake liliitika kwa sauti ya mtu aliyepotea; la Nyangoto lilinyamaza, kwa kuwa Magige hakuwemo, na ukimya ule ulikuwa habari njema kuliko zote za siku hiyo.