Sura Ukutani kwa Nereo

Mimi ndiye niliyekuwa nikidaka mipira ya besiboli ya Osiris Peguero tangu tukiwa watoto kule Consuelo, na kiganja changu cha kushoto hadi leo hakinyooki sawasawa. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kila mwenye duka la bia San Pedro anadai alimlea.

Alikuwa mrefu, mikono kama miwa, mtoto wa maneno machache. Jumamosi tulicheza kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha sukari, pamoja na watu wazima, na watu wazima hao walipunga gongo hewani mpira ukiwa tayari umelala kwenye glovu yangu.

"Huyu mtoto anarusha mpira au anarusha laana?" aliuliza mmoja wao siku moja. Wenzake wakamcheka mpaka akatupa gongo akaenda zake nyumbani.

Habari zikamfikia Nereo Batista. Nereo alikuwa na kazi ambayo kwetu wengi wanaifanya: huwachukua wavulana, huwalaza na kuwalisha, huwafundisha besiboli, kisha huwauza kwa klabu za Wamarekani na kuchukua fungu lake. Alikuja nyumbani kwa kina Osiris akinuka mafuta ya nguruwe. Akampapasa mkono kuanzia begani hadi kwenye kucha, kama mtu anayenunua mbuzi, halafu akamfunua mdomo kutazama meno.

"Mama Zunilda, huyu nampeleka juu," akamwambia mama yake Osiris. Akaninyooshea mimi kidole. "Na hiki kifupi nacho kije. Lazima awepo wa kudaka."

Tulikuwa na miaka kumi na minne. Nyumba ya Nereo ilipakana na zizi la nguruwe, na nzi hawakujua mpaka uko wapi. Chakula kilikuwa wali na supu ya utumbo usiosafishwa vizuri. Ukitafuna unasikia mchanga, unaomba Mungu uwe mchanga kweli.

Kila Ijumaa alikuja na kichupa chenye picha ya farasi. "Vitamini, wanangu. Suruali chini." Tulipanga foleni. Sindano ilikuwa moja, nayo aliipangusa kwa pindo la shati lake. Baada ya miezi kadhaa Osiris alipanuka mabega, mgongo ukajaa majipu, na mpira wake ukaanza kuvuma. Kipimo cha kasi kiliposoma maili tisini na tatu kwa saa, Nereo alimbusu kichwani, Osiris akaenda kukiosha kichwa kwa sabuni ya kufulia.

Halafu ikaja habari ya Franklyn, kijana wa Hato Mayor aliyelala kitanda cha jirani na changu. Yeye alichomwa sindano mkononi, na mkono ukavimba ukang'aa kama biringanya. Nereo alimlaza juu ya meza ya chakula akampasua kwa wembe. Usaha ulitoka mwingi, tukaisikia harufu yake mpaka uani. Akaipangusa meza kwa kitambaa, na kitambaa kile kile nikakiona baadaye jikoni kimefunika sufuria ya wali.

"Kuleni basi, mabibi harusi! Chakula kinapoa."

Franklyn alirudishwa kwao juu ya pikipiki, na mkono ule haupandi tena juu ya bega. Tangu siku hiyo Osiris alikula amesimama nje, karibu na zizi.

"Huku kunanuka, we," nilimwambia.

"Nguruwe wana adabu kuliko yule."

Mtauliza kwa nini hatukuondoka. Wasaka vipaji walikuwa wanakuja kila wiki na kofia zao na vipimo vyao, na mama zetu walikuwa wameshawatangazia majirani. Osiris alipata mkataba akiwa na miaka kumi na saba. Mimi waliniambia nina miguu ya bata. Nikarudi Consuelo kutengeneza pikipiki.

Yeye akaanza kupanda. Kwanza kambi ya klabu huku huku kwetu, kisha Florida, ambako walicheza jua la utosini mbele ya viti vitupu, kisha mji mdogo wa kaskazini wenye baridi. "Wilkin," aliniambia kwenye simu, "huku mpira unakuwa kama jiwe la mtoni. Lakini wapigaji hawaugusi!" Na kweli hawakuugusa. Msimu wa pili wakampandisha daraja. Hapo ndipo kiwiko kilipoanza kumuuma, na daktari wa klabu akamuuliza utotoni alichomwa nini.

"Nikamjibu vitamini. Akaniuliza vitamini gani. Kaka, nilitazama viatu vyangu," aliniambia kwenye simu. "Akanieleza ile dawa hupewa farasi wajae misuli. Wilkin, natamani ningeweza kujigeuza ndani nje, nijioshe."

Januari alirudi likizo. Nereo akachoma nguruwe mzima na kualika wazazi wa wavulana wapya. Osiris hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu mama yake alimsihi, maana mtu aliyekupeleka juu humpi kisogo mbele ya watu.

Tulipofika, wavulana walikuwa wamesimamishwa mstari mmoja, vifua wazi. Nereo, kidevu kikimetameta mafuta, aliunyanyua mkono wa Osiris hewani. "Wazazi, tazameni! Hii ni kazi yangu!" Kisha akamsogeza kwenye mstari. "Wapapase, mwanangu. Niambie yupi ana bega."

Osiris aliuchomoa mkono wake. Kijana yule wa maneno machache akasema yote: kichupa cha farasi, sindano moja, wembe, meza, Franklyn. "Wachukueni watoto wenu. Hapa mnawaacha waoze."

Nilidhani watasimama wote. Baba mmoja ndiye aliyesimama, mfupa mkononi. "Wewe umeshiba, sasa unatuvunjia chungu?"

"Sijashiba, mzee. Nimekinai."

Mama mmoja akauliza kwa upole, "Na hiyo dawa, mwanangu, ndiyo iliyokufikisha maili tisini na tatu?"

Angeweza kusema uongo. Uongo ungewasaidia wale watoto. Lakini Osiris hakujua kusema uongo. Akasema, "Sijui. Labda."

Hilo "labda" liliharibu kila kitu. Niliwaona wakitazamana, wakipiga hesabu machoni. Mwanamke mmoja tu, mwenye mguu mbovu, alimvisha mwanawe shati na kuondoka naye bila kuaga. Wengine wakarudi kwenye nyama. Nereo alicheka mpaka akakohoa. "Mmemsikia wenyewe! Mimi nimesema nini?"

Osiris alitapika uani.

Tulikwenda kwa wakubwa wa mchezo mjini. Walitukaribisha kahawa, wakasema watafuatilia. Wiki iliyofuata nyumba ya Nereo ilijaa mpaka wavulana wakalala sebuleni, maana sasa mji mzima ulijua kwamba dawa anayo.

Kwenye ukuta wake wa mbele kulikuwa na sura ya Osiris iliyochorwa kwa rangi, kubwa kama mlango. Asubuhi ya kuondoka, Osiris alinunua kopo la rangi nyeupe akaifuta sura yake mwenyewe, macho kwanza. Watu walikusanyika. Nereo alisimama kizingitini na kikombe chake, wala hakukasirika.

"Paka tu, mwanangu. Mchoraji yupo."

Na kweli alikuwepo. Kabla ya Pasaka sura ilikuwa imerudi, safari hii na meno yote nje. Nikampigia picha nikamtumia. Wakati huo walikuwa wameshampasua kiwiko, na alikuwa anajifunza kurusha upya, taratibu, kama mtoto.

"Wilkin," alinijibu, "usinitumie tena kitu kile. Nilikuwa nakula."