Bega la Kulia la Luko

Luko alikuwa na adabu kuliko nusu ya kikosi. Mpandaji akimkaribia, farasi huyo alishusha bega ili asisumbuke kurukia. Tatizo ni kwamba alishusha bega la kulia, na kikosi kizima kilipanda kwa upande wa kushoto. Ni Haldavo peke yake, mtu wa shoto, aliyepanda kinyume cha wenzake. Naye Haldavo alichukuliwa na mto barafu ilipoyeyuka. Mwili haukuonekana, kwa hiyo hakuna aliyesimama kumwita kwa jina lake, kama wafu wanavyoitwa kabla ya kuagwa.

Sautto, rafiki wa marehemu, akapewa Luko.

Kila asubuhi mambo yalikuwa yaleyale. Sautto akisogea kushoto, Luko anashusha bega la kulia, anangoja, kisha anainuka polepole, miguu imekaza, kama farasi aliyekwisha kupandwa. Baada ya hapo hataki mtu. Sautto aliangushwa vumbini mpaka wapishi wakawa wanatoka jikoni kuja kutazama.

"Leo ukianguka, unahamia kwa askari wa miguu," Vegeto, mkuu wa kikosi, alimwambia mbele ya wote. "Huko farasi ni nyayo zako mwenyewe. Hizo angalau hazitakutupa."

"Afande, huyu farasi ana mtu."

"Ana mtu! Basi msalimie. Mwambie leo zamu ya kuzoa mavi ni yake."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sautto hakucheka. Kwao mtoto alijua kupanda kabla hajajua kufunga viatu. Hakuwa na kazi nyingine duniani.

Luko akashusha bega la kulia, akainuka. Tandiko likalia, ngozi yake ikabonyea, na juu yake hapakuwa na kitu.

Sautto akazunguka upande wa kulia, akainamia sikio la farasi.

"Haldavo, hata ukiwa umekufa bado mnene? Songa bwana. Wananipeleka kwa askari wa miguu."

Luko akashusha bega tena.

Sautto akapanda, mkuki mkono wa kulia, ngao wa kushoto, kama kawaida yake. Wakatoka mbio, vumbi nyuma yao. Jua lilikuwa kali, lakini mgongo wa Sautto ulikuwa wa baridi na maji yalimtiririka kiunoni, maji yenye harufu ya matope ya mto. Walipofika kwenye nguzo ya shabaha, mkuki ukaruka, ukaipiga katikati. Wenzake wakashangilia.

"Haya, umebaki!" Vegeto akapaza sauti. "Lakini we mtu, umeanza lini kutupa kwa kushoto?"

Sautto akautazama mkono wake wa kushoto, mtupu, bado umenyooka mbele. Ngao ilikuwa mkono wa kulia. Hakukumbuka kuihamisha.

Luko akashusha bega. Sautto akashuka, akavuta hatamu amrudishe zizini.

Luko hakuinuka. Alibaki ameinama palepale, mpole, akimngoja wa pili ashuke.